Chumba cha Bi Risiti

Kwanza uongo uwekwe kando. Yule binti anayefanya kazi kwa dobi hakutapanya fedha zake za kuanzia maisha kwenye anasa, wala hakuwa na mwanamume aliyekuwa akimhonga. Na nyumba ya marehemu mkuu wa shule, iliyomlea tangu akiwa na miaka tisa, haikumfukuza wala haikumeza hata senti yake. Hayo yamesemwa saluni, yakasemwa dukani, yakatiwa chumvi kila yalipopita, hadi wengine wakaapa kwamba walimwona kwa macho yao akishuka kwenye gari na viatu vya visigino. Viatu vya visigino! Binti ambaye jozi yake moja ya raba aliishona mwenyewe kwa uzi wa mashuka.

Alikuwa mmoja wa wale watoto ambao ofisi ya ustawi wa jamii huwaweka kwenye nyumba za walezi, kwa sababu kwao hakuna aliyebaki, au aliyebaki hafai. Alifika na mfuko wa nailoni wenye gauni moja, na mdogo wake mchanga mgongoni. Yule mdogo hakukaa. Nyumba ya mkuu wa shule ilikuwa imekubali mtoto mmoja, na ofisi ilipanga hivyo tangu mwanzo. Kichanga kilikuwa kinapelekwa kwa walezi wengine, upande wa pili wa mji. Afisa wa ustawi alipomfungulia mbeleko kifuani, binti hakulia. Aliuliza tu, "Nitamchukua lini?"

Afisa, mwanamke kijana wakati huo, alikuwa na watoto wengine wa kufikisha kabla ya jioni. "Ukiwa mkubwa," alimjibu.

Watu wazima husema maneno kama hayo ili wapate kuondoka. Yeye aliyapokea kama hati iliyogongwa mhuri.

Nyumba aliyoingia ilikuwa na sebule yenye vitabu ukuta mzima, na picha ya marehemu akiwa amevaa joho. Mjane wake alikuwa amesoma, na hakuona haya kuonekana amesoma. Watoto hawakuruhusiwa kusema "mi staki" mezani. Walisema "mimi sitaki", na wakishasema hivyo walikula kilichopo. Viatu vilivuliwa mlangoni. Sauti haikupazwa dirisha likiwa wazi. Na yaliyojiri ndani hayakutoka nje, hata yawe madogo kiasi gani, hata sukari ikiisha. Binti alizishika kanuni hizo kuliko hata mtoto wa kuzaliwa humo, kwa vile mtoto wa kuzaliwa hakuogopa kurudishwa.

Mtoto wa kuzaliwa alikuwa mmoja, mvulana aliyemzidi binti miaka minne. Alikuwa na maneno matamu na mipango mikubwa. Tangu sekondari rafiki zake walimwita Meneja. Wiki ya kwanza ya binti shuleni, watoto walimzunguka uwanjani wakimwimbia, "Mtoto wa ofisi! Mtoto wa ofisi!" Meneja aliuacha mpira, akaja, akamshika aliyekuwa kinara wa wimbo huo kwenye kola. "Huyu ni dada yangu," alisema. "Ukiimba tena, imba na meno yakiwa mfukoni."

Hakuna aliyeimba tena. Meneja alirudi kwenye mpira wake na pengine akasahau kabla ya kipindi kilichofuata. Binti hakusahau. Hakuwahi kusikia mtu akimwita dada bila kulazimishwa.

Alipotimiza miaka kumi na tisa, muda wa malezi ulikwisha kisheria. Ofisi iliwakusanya vijana wa rika lake waliokuwa wanatoka kwenye nyumba za walezi, ikawafanyia mafunzo ya fedha katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayolalamika. Mkufunzi alikuwa kijana wa tai fupi aliyependa kupiga makofi.

"Mshahara ukiingia, unaugawa kabla haujakugawa wewe!" alisema, huku akipanga mikebe mitatu mezani. "Huu wa matumizi, huu wa akiba, huu wa dharura. Dharura si nywele, dada zangu. Dharura si mechi, kaka zangu."

Vijana walicheka. Binti hakucheka. Alinyoosha mkono kila mara: riba inahesabiwaje, kodi ya nyumba ilipwe kwa mkupuo au kidogo kidogo, mwenye nyumba akikataa kutoa risiti ufanyeje.

"Usilipe," mkufunzi alisema. "Hakuna risiti, hakuna hela."

Basi akaanza kudai risiti kila mahali. Alimdai muuza mkaa. Alimdai fundi viatu, aliyemwandikia kwenye kipande cha boksi huku akisonya. Ndipo alipobatizwa jina la Bi Risiti, naye akalipokea kwa furaha, kwa maana lilikuwa jina la mtu anayejitegemea.

Siku ya mwisho mkufunzi alifika kwenye udhamini. Alieleza kwamba mdhamini ni yule anayeweka sahihi kwamba mkopaji akishindwa, yeye ndiye atakayelipa. "Msimdhamini rafiki," alisema. "Msimdhamini mchumba. Kama ni lazima, basi ndugu wa karibu tu. Na hata huyo, mfikirie mara mbili."

Kijana mmoja nyuma alidakia, "Mwalimu, sisi ndugu zetu ni nyie wa ofisini. Tuwaletee fomu?"

Ukumbi uliangua kicheko. Bi Risiti alisubiri kitulie. "Ndugu wa karibu ni nani?" aliuliza.

Mkufunzi alikuna kidevu. Swali hilo halikuwamo kwenye mafunzo yake, ambayo pengine yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye shangazi na wajomba. "Ni mtu mliyekula naye chungu kimoja," alisema hatimaye. "Mliyekua naye."

Jibu lilimtosha.

Fedha za kuanzia maisha, ambazo ofisi humpa kila anayetoka malezini, ziliwekwa benki kwa jina lake. Alipata kazi kwa dobi mmoja aliyefua mashuka na taulo za nyumba za wageni. Kazi yake ilikuwa pasi. Alijua shuka la pamba linataka unyevu na la nailoni linataka haraka. Alijua kukunja pembe nne zikaanguka sawasawa bila kupima. Mikono ilimbabuka, kisha ikazoea. Alipanga chumba kimoja uani, chenye dirisha linaloelekea ukuta wa jirani, akakisugua sakafu hadi mwenye nyumba akamwambia, "We binti, utanitobolea nyumba." Alinunua vitanda viwili vya futi mbili na nusu. Watu waliona ajabu, msichana mmoja na vitanda viwili, na uvumi mwingine ulianzia hapo hapo.

Cha pili kilikuwa cha mdogo wake.

Mwaka huo huo alikwenda kwa yule afisa wa ustawi, ambaye sasa alivaa miwani na kutembea taratibu. "Mimi ni mkubwa sasa," alimwambia.

Afisa alivua miwani. Pengine alikumbuka, pengine alitazama tu uso uliokuwa mbele yake. Alimweleza masharti bila kuzunguka: awe na kazi isiyokatika, chumba kilicholipiwa, kitanda cha mtoto, na akiba benki ambayo haijaguswa. Wale walezi wa mdogo wake walikuwa wanazeeka na wameomba kupumzika. Mtoto ilibidi ahame. Palikuwa na mume na mke wasio na mtoto, wanaoishi mbali sana, waliokuwa tayari kumchukua awe wao kisheria. "Lakini dada wa damu ana haki ya kwanza," afisa alisema. "Nitakuja kukagua muhula ukifungwa. Nikiyakuta haya manne, mtoto ni wako. Nikiyakosa, sina la kufanya, mwanangu. Wale watu hawatasubiri, na jaji hatasubiri."

Bi Risiti alirudi uani akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Kila Jumapili alimtembelea mdogo wake, wakakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba ya walezi wake.

"Kitanda changu kiko upande gani?" mdogo aliuliza.

"Upande wa dirisha."

"Nikikojoa je?"

"Una miaka kumi, utakojoaje?"

"Nauliza tu. Kwa watu wapya huwa nakojoa."

"Mimi si mtu mpya," alisema dada yake, na akamvuta kichwa begani.

Meneja alimjia kazini, mvuke ukiwa umejaa chumba kizima. Alikuwa amevaa shati jeupe, na akasimama mbali na ndoo.

"Dada yangu wa risiti!" alisema. "Hujambo? Umependeza. Pasi inakufaa."

"Sijambo, kaka. Mama hajambo?"

"Mama yuko vilevile, anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu." Wakacheka wote wawili. Kisha akavuta kiti. Alikuwa amepata mteja, alisema, shule tatu za bweni zinazotaka madaftari na karatasi. Mzigo alishauona. Kampuni ya mikopo ilikuwa tayari kumpa fedha, ila walitaka mdhamini mwenye kazi na akiba benki. Mama hana mshahara, ana pensheni ya marehemu tu. Na mama asijue.

"Kwa nini asijue?"

"Unamjua mama. Mtoto wa mkuu wa shule kwenda kukopa kwa wale jamaa wa barabarani? Atalala kitandani wiki nzima."

Bi Risiti aliiweka pasi wima. Aliuliza yote aliyofundishwa. Riba ni kiasi gani, na inapanda ukichelewa? Rejesho ni la wiki au la mwezi? Mkataba wa hizo shule uko wapi, una sahihi ya nani? Meneja alijibu kila swali, akatoa na karatasi, na karatasi zilikuwa za kweli. Tena alizitoa kwa uso mkunjufu, kama anayesahihishiwa mtihani alioufaulu. Hakuwa anadanganya. Hilo lieleweke. Aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wake tangu utoto.

Mwenzake wa pasi, mama mmoja mnene aliyekuwa akikunja taulo pembeni, alisubiri hadi kijana akatoka kupiga simu. "Mwanangu, ile akiba si ya mtoto?"

"Ni yake."

"Sasa?"

"Huyu ni kaka yangu, mama. Tumekula chungu kimoja."

"Chungu kimoja!" mama wa taulo alisema. "Chungu mlikula wote, ila kukisugua ulisugua wewe."

Bi Risiti alicheka, akatikisa kichwa. Kesho yake alikwenda kwenye kampuni ya mikopo akaweka sahihi. Karani alimuuliza mkopaji ni nani wake. "Kaka yangu," alisema, na yasemekana alilisema kwa sauti kiasi kwamba watu wa kwenye benchi waligeuka. Akadai nakala, akapewa.

Shule mbili kati ya zile tatu zilipokea mzigo na hazikulipa; ya tatu iliukataa mlangoni kwa kuwa mvua ilikuwa imeunyeshea njiani. Meneja alilipa rejesho la kwanza. La pili alilipa nusu. La tatu, simu yake ikawa haipatikani, na siku chache baadaye alimuaga mama yake kwamba anakwenda kutafuta kazi nje ya mji, akaingia mitini.

Mkataba haukuwa na maneno mengi. Kampuni iliichukua akiba yote ya mdhamini, kisha ikamwandikia dobi ili mshahara wa binti ukatwe. Kilichobaki hakikutosha kodi. Mwenye nyumba alivumilia mwezi mmoja, kisha akaanza kusimama mlangoni asubuhi bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko matusi.

"Nenda kwa mama yake," mama wa taulo alimwambia. "Nenda leo, usisubiri hata mashuka yakauke."

"Ni mama yangu pia."

"Basi ndiyo nenda!"

"Ndiyo maana siwezi."

Mama wa taulo alimtazama asimwelewe. Hakuwa amekulia katika nyumba ile. Kwenda kwa mjane wa mkuu wa shule na kumwambia mwanao amekopa, amekimbia, jina la baba yake linatajwa kwenye benchi la wadaiwa, ingekuwa kufungua dirisha na kupaza sauti. Mtoto wa kuzaliwa angeweza kulifanya hilo, akagombezwa, akasamehewa. Bi Risiti hakuwa na hakika kwamba yeye angesamehewa. Alikuwa amepata mama kwa kuwa mtoto asiyeleta aibu, na hakujua njia nyingine ya kubaki naye.

Jumapili, baada ya kutoka kwa mdogo wake, alipita nyumbani kama kawaida. Akavua viatu mlangoni. Akala.

"Habari za kazi?" mama aliuliza.

"Nzuri, mama."

"Umekonda."

"Ni joto la pasi, mama."

"Na lile suala la mdogo wako?"

"Linakwenda vizuri, mama."

Akaosha vyombo, akavifuta, akavipanga vikubwa chini na vidogo juu, akaaga. Kama kuna mtu angeweza kuuona moyo wake jioni ile, basi alikuwa na macho makali kuliko ya watu wa kawaida.

Kitanda cha pili alikiuza mwishoni mwa muhula, ili mwenye nyumba asimtoe kabla ya ukaguzi. Alijiambia kwamba watalala pamoja, kwamba mtoto ni mdogo, kwamba afisa ataelewa. Aliweka mito miwili kwenye kitanda kimoja. Alipiga pasi pazia.

Afisa hakuja peke yake. Kwa kuwa alidhani mambo ni sawa, na kwa kuwa alitaka kumfurahisha mtoto, alimleta kabisa. Mdogo aliingia na begi lake, amesukwa vizuri, akasimama katikati ya chumba akitafuta kwa macho.

"Changu kiko wapi?"

"Tutalala wote," Bi Risiti alisema.

"Sawa," mdogo alisema haraka, kama anayeogopa jibu lisije likabadilika. Alikaa kitandani upande wa dirisha na begi magotini.

Afisa aliuliza kwa sauti ya chini kuhusu benki. Bi Risiti alimpa karatasi ya benki kwa mikono miwili. Afisa aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba fedha zimejificha huko.

"Zimekwenda wapi?"

"Nilizitumia."

"Zote? Kwa kitu gani?"

"Mambo yangu."

"Mwanangu, nisaidie nikusaidie. Kuna mtu amekulaghai? Umeibiwa? Una mimba? Ukinieleza naandika, na nikiandika nina pa kusimama mbele ya jaji. Usiponieleza, naandika nilichokiona."

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimening'inia, na pengine sentensi moja ingetosha. Nimemdhamini kaka yangu. Lakini kaka yake alikuwa na jina, na jina lilikuwa la marehemu, na mafaili ya ofisi ile yalisomwa na watu wenye midomo. Alimtazama mdogo wake, akautazama ukuta wa jirani dirishani.

"Ni mambo yangu tu," alirudia. "Nilishindwa kujizuia."

Afisa aliandika. Mtoto aliambiwa ashike begi lake. Hakuelewa mpaka alipofika mlangoni, hapo aligeuka akasema, "Lakini nimesema sawa. Dada, nimesema tutalala wote, sawa." Akashikwa mkono. Gari lilipowashwa, Bi Risiti alikuwa bado amesimama pale pale, mkono kwenye mto.

Mjane wa mkuu wa shule aliyajua hayo kutoka kwa mtu aliyetumwa na kampuni ya mikopo, aliyekuja kumtafuta Meneja kwa salio lililobaki. Alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni. "Mdhamini tumeshamkamua, mama," alisema kwa upole. "Yule dada yake wa dobi. Hana kitu tena."

Mama aliuza kiwanja alichoachiwa na mumewe. Hakupunguziwa na mtu wala hakulalamika. Alilipa deni lote, akatia akiba yote ya binti kwenye bahasha ili amrudishie, na siku hiyo hiyo alikwenda ofisi ya ustawi akiwa amevaa nguo zake za heshima, akaeleza alichopaswa kueleza. Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba jaji alishakata kauli. Mtoto alikuwa amepewa jina jipya la ukoo na amesafirishwa, na sheria haikuruhusu ofisi kutaja alikopelekwa.

Kutoka hapo alikwenda uani. Bi Risiti alimfungulia, akamkaribisha kwenye kiti pekee. Bahasha ilipowekwa mezani, hakuifungua.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza.

"Nilidhani ndivyo ungependa, mama."

Alilisema bila uchungu. Angelisema kwa uchungu ingekuwa nafuu.

Bado yuko kwa dobi. Mashuka yake bado yanaanguka pembe nne sawasawa. Chumba alikiacha, sasa anashiriki kimoja na wasichana watatu, na mshahara ukiingia unakwisha kwa lolote linalokuja mbele yake. Mama wa taulo alimkumbusha mikebe siku moja, akajibiwa, "Ya kumwekea nani?" Ile bahasha imo mikononi mwa mwenye nyumba wa zamani, au mwa wale wasichana, au imepotea, hajawahi kuiulizia. Nyumbani haji tena Jumapili. Hajagombana na mtu. Akikutana na mama njiani huinamisha kichwa, huuliza hali, na hupokea kikapu akambebea hadi getini. Hapo hukirudisha.

Basi wanaosema alitapanya, wamesikia. Wanaosema nyumba ilimla, wamesikia pia. Ama Meneja, yuko wapi, anafanya nini, huandika au haandiki, mama yake hasemi. Hajawaambia majirani, hajaiambia ofisi, na hapa, anapoyasimulia haya mwenyewe, hasemi. Hakuna zaidi.